Mpini wa Mkole

Nilikuwa mtoto wa kung'oka meno, nikisema neno lenye s linatoka na upepo, mwaka ambao baba yangu alikata tawi la mkole ili apate mpini wa shoka. Tulikaa Mtoni, kando ya barabara ya Kilwa, enzi za Mwingereza. Vita vya pili vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, na vijana waliochukuliwa walikuwa wamerudi, wale waliorudi. Temeke yote ilikuwa mihogo na minazi, nyumba moja hapa nyingine kule, na mtu aliyekwenda mjini aliaga kama msafiri.

Baba aliitwa Kondo, na kazi yake ilikuwa kuni. Alikata magogo upande wa Mbagala, akayaleta uani kwetu kuyapasua, na mkokoteni ukaja kuyachukua kwenda kwenye tanuri la mikate mjini. Alifanya kazi hiyo na mdogo wake, Mwinshehe, ambaye sie tulimwita baba mdogo. Alikuwa bado hajaoa, na alikula kwetu. Baba akipasua, baba mdogo anaokota na kupanga. Tangu asubuhi uani kwetu ilikuwa ko, halafu kimya, halafu ko. Mpaka leo nikisikia mtu anapasua kuni, moyo wangu hautulii katika ule ukimya wa katikati mpaka pigo linalofuata litue.

Shoka la baba lilikuwa la kizungu, lile ambalo chuma kina tundu na mpini unapita humo, si letu la asili ambalo chuma ndicho kinachochomekwa kwenye mti. Alilipata alipokuwa kibarua wa kufyeka njia wakati wa vita, na alilipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Hakuna aliyeruhusiwa kuliruka likiwa chini. Sisi watoto tuliambiwa ukiliruka shoka, shoka linakukumbuka.

Mwaka huo dada yangu Mwanahawa alikuwa mwali. Kwetu Wazaramo msichana akivunja ungo huwekwa ndani, haoni jua, hapazi sauti, hachungulii nje, mpaka siku ya kuchezwa ngoma na kutolewa. Alikaa chumba cha uani, nami nilikuwa mikono na miguu yake: nilimpelekea chakula na maji, na habari za mtaa zote, za kweli na za kuongeza. Alikuwa amekwisha kuposwa na kijana wa Kipawa. Akitolewa tu, inafuata harusi.

Siku ya kutolewa, mwali hupelekwa kwenye mkole. Huu si mti mkubwa. Ukipita karibu yake bila kuambiwa, hutageuza shingo. Lakini kwetu ndio mti wa wanawake, na yanayofundishwa chini yake yanabaki pale, nami sitayaandika. Nitasema tu kwamba hakuna aliyeupiga chuma, wala aliyepikia kuni zake. Wetu ulikuwa nyuma ya nyumba ya Bibi Siwema, mama yake mama, ng'ambo ya shamba letu la mihogo. Bibi alichezwa pale, na mama alichezwa palepale.

Shughuli ikiwa imekaribia, mpini wa shoka ukavunjika. Na kuni za kupikia wageni zilikuwa bado ni magogo yamelala uani. Baba alihangaika kutafuta mti wa mpini. Msitu wenye miti ya maana serikali ilikuwa imeuwekea mipaka na mlinzi, na aliyekamatwa humo na panga alifungwa. Majirani wenye mipini mikavu waliikalia wenyewe. Alasiri moja akarudi na tawi begani, limenyooka, gamba lake bado linatoa utelezi mahali panga lilipopita. Akaketi uani na tezo, akaanza kuchonga.

Bibi Siwema alifika jua likiwa bado juu. Yeye na baba walikuwa mtu na mkwewe, na siku zile ukwe ulikuwa na adabu zake: hawakuketi pamoja, hawakutazamana usoni. Bibi alisimama nje ya ua wa makuti, akatupa mgongo, akaniita.

"Zuhura."

"Labeka, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Muulize baba yako, tawi lile kalitoa wapi?"

Baba alikuwa karibu kabisa, anasikia kila neno. Hakuinua kichwa. "Mwambie bibi yako, nimelitoa kwenye mkole."

"Mkole upi?"

"Wa nyuma ya nyumba yake."

Nikachungulia kwenye tundu la makuti, nikaona bega la bibi linapanda na kushuka.

"Mwambie mkwe wangu, mti ule haupigwi chuma. Yeye Mzaramo, mie sina la kumfundisha. Tena mwali yuko ndani, hajatoka!"

Baba aliweka tezo chini. "Mwambie namheshimu sana. Lakini shughuli ni ya mwanangu, na kuni ni za shughuli hiyohiyo. Sikukata mti, nimechukua tawi. Mti wenyewe umesimama."

"Mwambie alitupe."

"Nikilitupa, wageni nitawapikia na nini?"

"Chuma na mkole havikai pamoja," bibi akasema, na sasa hakunitaja tena, alisema moja kwa moja kupitia makuti kama adabu zote zimekwisha. "Kitakataa. Na kikikataa kitamwaga damu, na hiyo damu itamfuata mpaka mwali."

Nilikuwa nimesimama katikati yao na sikuwa nimepeleka neno hata moja, maana yote yalifika yenyewe. Baba alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akachukua tezo. Mama alitoka jikoni, akautazama mpini ule, akarudi kwenye chungu chake.

Mpini ulitoka mzuri. Baba aliulainisha kwa kigae cha chupa mpaka ukang'aa, akauingiza kwenye tundu la shoka, akagongea kabari ndogo juu ili ushike. Baba mdogo aliujaribu mkononi, akautupa juu na kuudaka.

"Kaka, huu utatuzika," akasema. Alikuwa na maana kwamba ni imara, utadumu kuliko sisi. Sote tulicheka, hata mama.

Kazi ikaenda vizuri siku zote zilizofuata. Kuni zilipanda ukutani mpaka zikafika dirisha la chumba cha mwali, dirisha dogo tu, la upana wa sahani, lililowekwa kitambaa. Kisha ikafika siku ya mkesha. Wanawake walijaa uani tangu asubuhi, wengine wanapepeta mchele, wengine wanakuna nazi, na magogo yaliyobaki yalikuwa machache. Ulikuwa msimu wa kaskazi, jua kali, ardhi inaunguza nyayo. Nilikuwa nimetumwa ukoko wa kumpelekea Mwanahawa, nikapita pembeni ya gogo la kupasulia, na nilikuwa nimefika mlangoni niliposikia pigo lisilo na sauti yake.

Nikageuka. Baba alikuwa ameinama, mpini mkononi, mikono imeshuka chini kama mtu aliyemaliza. Alikuwa anatazama gogo. Nadhani alikuwa anatafuta chuma kwenye gogo, maana ndipo kilipopaswa kuwa. Baba mdogo alikuwa upande wa pili, mahali pa kuokotea vipande. Alikaa chini polepole, kama anataka kupumzika kivulini, mkono umeshika shingo. Akamtazama kaka yake.

"Kaka, mbona?" akasema.

Hakusema jingine. Wanawake walileta khanga zao, moja baada ya nyingine, na kila iliyowekwa ililowa. Mtu alikimbia kutafuta mkokoteni wa kumpeleka hospitali. Ulipofika walikuwa wamekwisha kumfunika.

Jumbe alikuja, akauliza, akaushika mpini na kile chuma, kila kimoja peke yake. Akasema ni ajali, na ni kazi ya Mungu. Tukazika. Mchele wa ngoma ukapikwa msibani, kwa kuni zilezile.

Baba hakulia mbele za watu. Alikaa kwenye mkeka, na kila aliyekuja kumpa mkono alimwambia maneno yaleyale. "Niliambiwa. Mkwe aliniambia, sikusikia. Nilikata mkole." Aliyasema kwa wazee, akayasema kwa vijana, akayasema kwa yule Banyani wa dukani aliyekuja kutoa pole na ambaye hakujua mkole ni kitu gani. Na waliosikia walitikisa vichwa na kumshika bega. Kabla matanga hayajaanuliwa, Mtoni nzima ilikuwa imejua kwamba Mwinshehe ameuawa na mti.

Mwanahawa alikuwa bado ndani. Msiba haukumtoa, hakuna aliyejua la kumfanyia. Nilimpelekea chakula, nikamkuta amekaa chini ya lile dirisha.

"Mkole umemuua baba mdogo," nikamwambia. Nilidhani nampelekea habari.

"Nani kakwambia?"

"Watu wote. Baba mwenyewe kasema."

Alinivuta karibu, akasema kwa ile sauti ndogo ya mwali, ambayo ilibidi umwangalie mdomo ili umsikie. "Sikiliza. Mpini ule ulikuwa mbichi. Mti mbichi ukipigwa jua unanywea, chuma kinalegea. Baba alijua. Kila asubuhi alikuwa analiloweka shoka kwenye ndoo, mti uvimbe, ndipo anaanza kazi. Nilikuwa namwona."

"Ulikuwa unachungulia?"

"Nilikuwa nachungulia. Siku ile ndoo ilichukuliwa ya kuoshea mchele. Baba akaitafuta, akaikosa. Baba mdogo akamwambia, 'Kaka, chuma kinacheza.' Baba akamwambia, 'Tumalize haya machache.'" Akaugusa ukuta. "Nimewasikia kwa masikio yangu, Zuhura. Walikuwa hapa, nyuma ya ukuta huu."

Nikasimama. Kwangu lilikuwa jambo jepesi. "Basi twende tukaseme! Kumbe si mkole!"

Alinikamata mkono, na mwali yule aliyelishwa na kufichwa jua miezi yote hiyo alikuwa na nguvu ambazo sikuzitarajia. "Ukishasema si mkole, atakuwa nani?"

Nikajaribu kuuchomoa mkono, hakuuachia.

"Baba sasa ana mti. Akiondolewa mti, anabaki na mkono wake. Utamuua. Ukifungua mdomo, mie na wewe basi tena, mpaka kaburini."

Nilifunga mdomo. Mtoto hufunga mdomo kwa kuogopa tu, na mimi niliogopa. Sikuelewa alikuwa anakubali nini. Sijui kama yeye mwenyewe alielewa. Alikuwa msichana mdogo, ingawa machoni pangu alikuwa mtu mzima.

Bibi Siwema alifanya aliloweza. Alikwenda kwenye mkole na unga na maji, akazungumza na wazee waliotangulia, akalisiliba kwa unga lile jeraha la mti. Akatuma ujumbe Kipawa kwamba mambo yametengenezwa. Mama wa mchumba akaja, mwanamke mpole, akakaa mkekani na mama yangu. Sikuwahi kusikia mtu akitoa maneno mabaya kwa adabu nzuri vile.

"Hatuna ubaya nanyi, shoga yangu. Msiba wenu ni wetu. Lakini mwali aliyekatiwa mkole kabla hajatoka, tumbo lake litashika nini? Nami mwanangu ni huyo mmoja."

Chumba cha mwali kilikuwa nyuma ya mama, na mlango wake ulikuwa wa makuti. Neno moja tu kutoka nyuma ya makuti yale lingetosha. Mie nilikuwa nimekaa kizingitini, nikalingoja. Halikutoka.

Akatolewa asubuhi moja bila ngoma. Mama alimshika mkono, wakatoka uani, Mwanahawa amekunja macho kwa mwanga. Hakuna aliyepiga kigelegele. Alisimama kidogo, akatazama mahali gogo la kupasulia lilipokuwa, kisha akachukua vyombo akaenda kuviosha.

Baba hakushika shoka tena. Alikaa barazani, akasuka makuti, akalima kidogo. Njaa iliingia kwetu kimyakimya, na ilikuwa wazi kwamba lazima mtu afanye jambo. Aliyelifanya ni Mwanahawa. Alikitoa kile chuma pembeni jikoni kilipokuwa kimetupwa, akapata kwa mjomba mpini wa mkwaju uliokaa darini juu ya moshi mpaka ukawa mweusi, akauchonga, akaugongea kabari ya chuma. Mwanamke kuchanja kuni za kupikia lilikuwa jambo la kila siku. Mwanamke kupasua magogo ya biashara, hilo Mtoni hawakuwa wameliona. Watu walisimama njiani kumtazama.

Kabla ya kuanza alikuwa akiligeuza shoka juu chini, anaugonga mpini kwenye jiwe, analitikisa, anasikiliza. Na mtu akisogea kuokota kipande, hata kama ni kuku tu amepita, alishusha shoka. "Sogea," anasema. "Sogea kwanza." Alifanya hivyo miaka yote. Baba akisikia ko ya kwanza alikuwa anaondoka barazani, anatembea barabarani upande wa Mbagala, na hakurudi mpaka uani pamenyamaza. Walisema mtaani: mnaona, mkole umemnyang'anya uanamke, umemwachia mikono ya kiume. Mwanahawa alisikia. Alipanga kuni zake.

Baadaye sana aliolewa na mtu wa bara, Mnyamwezi mmoja aliyekuwa mpishi wa Wazungu, mtu asiyejua lolote la mkole, na walipendana. Mimba zilishika na kuanguka. Ilipoanguka ya kwanza, Bibi Siwema, mzee sana sasa, alijikongoja akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mie nilisema vile kwa hasira," akamwambia. "Nilitaka baba yako aogope, alitupe lile tawi. Sikutaka neno lenyewe lishike."

"Najua, bibi."

"Ningejua litashika..."

"Pumzika, bibi. Hujanifanya kitu."

Bibi alikufa akiamini kwamba alimfunga mjukuu wake kwa kinywa chake mwenyewe. Hata bibi huyo, Mwanahawa hakumwambia ukweli.

Baba alianguka mwaka ambao watu walikuwa wanazungumzia Uhuru kila kona. Aliugua kifua, akapungua mpaka akawa mwepesi wa kubebwa na mtu mmoja. Alasiri moja tulikuwa wawili tu chumbani, mimi na dada, tunamgeuza ubavu. Akafumbua macho.

"Mwanahawa."

"Labeka, baba."

"Ile siku," akasema, akapumzika. "Ile siku niliitafuta ndoo."

Dada akachukua kitambaa, akaanza kumpangusa mgongo kama hajasikia.

"Ulikuwa mti, baba. Bibi alikukataza."

"Mwinshehe aliniambia kitu kabla."

"Ulikuwa mti."

Baba akageuza kichwa, kwa shida, akamtazama. Alimtazama muda mrefu, mpaka mie ndiye niliyeinamisha macho. Kisha akasema polepole, "Dirisha lako lilikuwa pale pale."

"Mie nilikuwa mwali, baba," Mwanahawa akamwambia. "Mwali hachungulii."

Baba akafumba macho. Machozi yakatoka pembeni, yakaingia kwenye masikio, naye dada akayapangusa kwa kitambaa kilekile. Hawakuongea tena jambo hilo. Alikufa siku zilezile, na uso wake haukuwa na wasiwasi, au mimi ndivyo ninavyotaka kukumbuka.

Kwa miaka mingi nilikuwa na hasira, na nilihama nayo kutoka nyumba moja hadi nyingine. Nilikasirikia mkole, nikawakasirikia watu wa Kipawa, nikamkasirikia baba kwa kuukubali mti upesi vile na kumwacha mwanawe aukubali milele. Sasa nimezeeka, na hasira imebaki kidogo, kama ladha. Nimeona watu waliobaki na mikono yao mitupu baada ya jambo kama lile. Hawakudumu. Baba alidumu, akasuka makuti, akawaona wajukuu zake kutoka kwangu, akawafundisha kutega njiwa. Hayo yote alipewa na mtoto wa kike aliyenyamaza nyuma ya mlango wa makuti.

Na je, mkole? Huniuliza hivyo watoto wangu, wanaosoma na kucheka. Mti mbichi hunywea, hilo nalijua. Na dada yangu hakubeba mtoto wake hata siku moja, hilo pia nalijua, na sina ujuzi wa kusema kama haya mawili yanajuana. Mie sipikii kuni za mkole. Nikiwaambia hivyo wanacheka zaidi, nawaacha.

Tulimzika Mwanahawa Mtoni, karibu na baba na baba mdogo. Siku ya matanga alikuja jirani wa zamani, mwanamke tuliyecheza naye, akakaa ubavuni pangu akanishika mkono, huku analia kweli, si machozi ya kuazima.

"Maskini dada yako," akaniambia. "Mtu mwema vile. Mkole ulimwonea."

Sasa hakuna aliyebaki wa kuumia, nikafikiri. Baba hayupo, bibi hayupo, yeye mwenyewe ndiyo tumemfukia. Neno lilikuwa mdomoni. Nikatazama uani, wanawake wanapakua wali, watoto wanagombea ukoko.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ulimwonea."